Mtu wa Pili

Mlevi wa Nairobi aliyechoka na pombe anaweza kuuliza mkutano uko wapi, akatajiwa siku, saa, mtaa na chumba. AA, chama cha walevi wanaosaidiana bila kutangazana majina, kina mikutano ya kila wiki katika jiji lile, na hata aliyeshuka basi asubuhi anaweza kuketi kati ya wenzake jioni. Mambasa ni safari nyingine. Kutoka Bunia ni kilomita 165 hivi: unafika Komanda, unaiacha kushoto barabara ya Beni, kisha msitu unakufunika. Teritware ya Mambasa peke yake ni zaidi ya nusu ya jimbo la Ituri, mashariki mwa Kongo, na sehemu kubwa yake ni miti, mito, mashimo ya dhahabu, na vijiji vilivyojipanga kandokando ya barabara ya taifa namba 4 iendayo Epulu, Nia-Nia na hatimaye Kisangani. Mvua ikizidi, barabara hukatika. Bunduki zikilia, watu hukimbia, na waliokuwa majirani mwezi uliopita hujikuta wametawanyika makambini na katika nyumba za watu. Kumwambia aliye katika hali hiyo atafute mkutano wa karibu kwenye simu yake ni kumpa jibu la mji mwingine.

Sura hii ni yake, na ni ya mama, mke, mtoto au muuguzi anayemhangaikia. Ninalotaka kumwambia ni moja: asitafute jengo wala bango, atafute mtu wa pili. Sisemi hivi ili kumliwaza aliyekosa. Mkutano wa kwanza kabisa wa AA haukuwa na jengo, jina wala ratiba. Ulikuwa na watu wawili, na mmoja wao hakutaka kuja.

Ilikuwa Mei 1935, katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, Marekani. Bill Wilson, mfanyabiashara wa hisa kutoka New York, alikuwa amefuata shughuli iliyomharibikia. Alikuwa na miezi mitano bila pombe, baada ya miaka ya kulewa na kulazwa hospitali. Jumamosi hiyo alisimama katika ukumbi wa hoteli ya Mayflower, mfukoni hana kitu cha maana, upande mmoja baa inachangamka, upande wa pili kuna simu. Alijua akiingia baa yamekwisha. Akaenda kwenye simu, akaanza kuwapigia viongozi wa makanisa ya mji asioujua, akiwaomba jambo ambalo hawakuwahi kuombwa: wamwelekeze kwa mlevi. Mchungaji mmoja, Walter Tunks, akampa majina, na kwa njia hiyo akamfikia mama mmoja aitwaye Henrietta Seiberling, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akimwombea daktari mmoja aliyeshindwa na pombe.

Daktari huyo, Robert Smith, alikuwa mpasuaji. Jumapili jioni alikuja na mkewe, mwili unamtetemeka kwa ulevi wa jana, akasema atakaa dakika 15 tu. Waliongea mpaka usiku mkubwa. Smith alikuwa amekwisha kuhubiriwa, kulazwa na kulaumiwa na watu wengi; baadaye alieleza kwamba huyu ndiye mtu wa kwanza aliyezungumza naye juu ya ulevi akiujua kwa kuupitia. Hata hivyo hakupona usiku ule. Wiki chache baadaye alikwenda kwenye mkutano wa madaktari Atlantic City, akanywa tena, na akarudi nyumbani hajiwezi. Kwa hesabu ya AA, pombe yake ya mwisho aliinywa tarehe 10 Juni 1935, na siku hiyo ndiyo chama huitaja kuwa siku ya kuzaliwa kwake. Punde wawili hao wakaenda hospitali ya mji kumtafuta wa tatu, wakamkuta mwanasheria mmoja amelala kitandani.

Katika kisa hiki kuna jambo ambalo wahubiri wengi hulipita bila kuliona. Wilson hakupiga simu ile ili amwokoe Smith. Alipiga ili yeye mwenyewe asiingie baa. Miezi yote mitano alikuwa amewafuata walevi wa New York akiwasihi waache, na hakuna aliyeacha. Lakini yeye aliyekuwa akisihi alikuwa amebaki mzima. Ndiyo maana mlevi wa Mambasa anayekwenda kumgongea mwenzake asione kwamba anaomba msaada kama ombaomba. Anampelekea mwenzake kitu ambacho naye anakihitaji.

Sasa turudi kwetu. Mwenye kutaka kuacha pombe Mambasa haachi chupa tu. Anaacha kazi inavyolipwa, jioni inavyokaliwa, na wakati mwingine chungu kinachosomesha watoto wa nyumba yake. Kwenye mashimo ya dhahabu mchimbaji hukaa majuma bila kuona faida. Siku mfuko wa mchanga unapotoa kitu, mwenye shimo, yule wanayemwita PDG, hugawa, na pesa ile hukutana na nganda, yaani kilabu cha pombe, kabla haijaiona barabara. Kuna bia ya viwandani kwa aliyepata sana. Kwa wengine kuna lotoko inayotengenezwa kwa mahindi au mihogo, mandrakpa ya upande wa Bunia, kasiksi ya ndizi, mvinyo wa mawese unaogemwa asubuhi na kuwa mkali jioni, na pombe kali za vifuko na vichupa vya plastiki ambazo mtoto anaweza kuzinunua kwa pesa ya mandazi. Tanzania ilivipiga marufuku vifuko hivyo tarehe 1 Machi 2017, na Uganda ikafuata 2019. Marufuku husaidia. Lakini pombe ya kijiji haina kiwanda cha kufungwa. Ina mama mmoja, pipa moja na karo ya shule inayodaiwa. Simlaumu mama huyo. Namtaja kwa sababu mara nyingi ni jirani, shangazi au mke wa anayetaka kuacha, na mkutano usioweza kumzungumzia bila kumtukana utawapoteza watu wake haraka.

Kuna jambo jingine linaloniuma na ambalo haliwezi kuachwa nje. Katika vijiji vya msituni, Wambuti, wenyeji wa msitu wenyewe, hulima mashamba ya wengine na kulipwa pombe. Mtu anafanya kazi tangu asubuhi, anarudi kambini na kibuyu badala ya chumvi, nguo au pesa. Halafu wanaomlipa hivyo ndio wa kwanza kusema kwamba Wambuti wanapenda kulewa. Kikundi chochote cha kuacha pombe kitakachoanzishwa Mambasa na kuwaacha Wambuti nje, au kuwaweka ndani kama watoto wa kufundishwa, kitakuwa kimeanza na uongo.

Mtu wa pili anapatikana wapi? Katika kila mtaa na kila kijiji kuna aliyekuwa akinywa, watu wakamjua kwa hilo, kisha akaacha. Yupo. Huenda ni fundi wa pikipiki, shemasi, mwalimu wa shule ya msingi, au mzee anayeketi kwenye barza na kikombe cha chai wakati wengine wana glasi. Yeye mwenyewe huenda hajawahi kuhudhuria mkutano wowote wala kusikia herufi hizo mbili, AA. Hilo halina neno. Kumwendea ni kazi ngumu kuliko kumtafuta, kwa hiyo nitaonyesha jinsi inavyoweza kuwa, kwa Kiswahili cha kule kule.

«Jambo, papa.»

«Jambo sana. Karibu.»

«Papa, samahani, niko na neno. Nasikia zamani ulikuwa unakunywa.»

«Nilikuwa nakunywa sana. Nani alikuambia?»

«Mama. Mimi vilevile pombe imenishinda. Uliacha namna gani?»

«Keti kwanza. Leo umekunywa?»

«Kidogo, asubuhi.»

«Usipokunywa asubuhi, mikono inatetemeka?»

«Inatetemeka, papa. Na jasho.»

«Basi hatuanzi na hadithi yangu. Tunaanza kwa muuguzi. Nakusindikiza.»

Mzee huyu amefanya jambo kubwa, na naomba msomaji akae nalo kwanza kabla ya mengine yote, kwa maana hapa watu hufa. Aliyekunywa pombe nyingi kila siku kwa muda mrefu hawezi kuikata ghafla kama mtu anayeacha sukari. Mwili wake umezoea kuendeshwa na pombe. Ikikosekana, baada ya saa 6 mpaka 24 huanza kutetemeka, kutoka jasho, kutapika, moyo kwenda mbio na usingizi kukimbia. Katika siku mbili za mwanzo anaweza kupatwa na kifafa ambacho hajawahi kuwa nacho maishani. Na kati ya siku ya pili na ya nne baadhi yao huingia katika hali mbaya zaidi: homa, kuchanganyikiwa, kuona wadudu ukutani, wanyama, watu waliokufa, kupigana na wasiokuwapo. Ni ugonjwa, na hospitali ikiuwahi unatibika. Dawa yake inajulikana, diazepamu kwa kipimo cha muuguzi au daktari, pamoja na maji, chakula na vitamini B1, maana mlevi wa siku nyingi huwa ameishiwa na vitamini hiyo na ubongo wake unaweza kuharibika asipoipata.

Familia isiyolijua hilo huona nini? Huona mtu aliyeahidi kanisani Jumapili kuacha pombe, akaacha kweli, na Jumanne usiku anapiga kelele kwamba kuna watu wamejaa chumbani. Wanasema ni pepo, au amelogwa na wale aliokuwa akinywa nao. Anapelekwa kwenye chumba cha maombi, anafungwa kamba ili asijiumize, anafungishwa chakula na maji ili pepo atoke. Mtu anayehitaji maji kuliko wakati mwingine wowote ananyimwa maji. Nasema wazi: kumfunga na kumnyima maji mtu aliye katika siku hizo ni kumuua, hata kama anayefanya hivyo anampenda. Ombeni, lakini ombeni pembeni ya kitanda cha hospitali. Mambasa ina hospitali kuu ya rufaa, na vituo vya afya vimetapakaa kwenye barabara. Muuguzi aambiwe mambo mawili tu kabla ya kuacha: nakunywa kiasi gani kwa siku, na nini hunipata nikikosa. Aliyewahi kupata kifafa au kuona visivyokuwapo asiache peke yake nyumbani. Asiyekuwa na dalili hizo anaweza kuacha akiwa kwake, mradi kuna mtu wa kumtazama usiku na mchana kwa siku tano hivi.

Hospitali hutoa sumu mwilini. Haikai na mlevi mezani siku ya soko. Hapo ndipo mkutano unapoanza kazi, na si kwa sababu watu wake ni wema kuliko madaktari. Mwaka 2020 watafiti wa mtandao wa Cochrane walikusanya tafiti 27 zenye watu 10,565 na kulinganisha programu zinazowaelekeza watu AA kwa utaratibu na tiba nyingine za mazungumzo. Katika kukaa bila pombe kabisa, walioelekezwa AA walifanya vizuri zaidi, na katika vipimo vingine walilingana na wenzao. Tafiti hizo zilifanywa zaidi katika nchi tajiri, na sitaki kuzibebesha mzigo wa msitu wa Ituri. Lakini jambo lenyewe, la aliyepita njia kumshika mkono anayeingia, limekwisha kuvuka bahari na dini. Zanzibar, mwaka 2009, vijana waliokuwa wameacha heroini, Suleiman Mauly akiwa mmoja wao, walifungua nyumba ya kwanza ambamo waliopona waliishi na wanaotaka kupona, kwa hatua kumi na mbili za kupona zilizoanzia AA, katika mji wa Waislamu, huku wakienda kuswali. Leo nyumba za namna hiyo watu huziita soba hausi, bara na visiwani, kama neno la kila siku.

Na Mambasa kuna kielelezo cha karibu zaidi kuliko Zanzibar. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza mlipuko wa Ebola uliokuwa umeanzia Mangina, ng'ambo ya mpaka wa Kivu ya Kaskazini. Kanda za afya za Mandima na Mambasa nazo ziliguswa. Mpaka ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 wamekufa. Lakini 1,171 walipona, na watu wakawaita washindi. Wengi walirudi nyumbani wakakuta majirani wanawakimbia. Ndipo ikaonekana kwamba wao wanaweza kufanya lisilowezekana kwa mwingine: kwa kuwa miili yao ilikuwa imeshapambana na ugonjwa ule, waliweza kumshika mtoto ambaye mama yake amelazwa, kumlisha na kumbembeleza, mahali ambapo mwingine alihitaji mavazi ya kujikinga kuanzia kichwani hadi miguuni. Waliingia pia mitaani kuzungumza na wasioamini kwamba ugonjwa upo, na walisikilizwa kwa sababu walikuwa na ushahidi wa mwili wao. Mlevi aliyeacha ana ushahidi wa aina hiyo hiyo. Nashangaa kuona tulivyokuwa wepesi kumwita mshindi yule wa Ebola, na tunavyochelewa kumwita hivyo aliyeshinda lotoko, ilhali yeye hushinda upya kila asubuhi.

Kizuizi kikubwa, nadhani, ni aibu, na aibu ya mji mdogo ina masikio. Nairobi mtu anaweza kuvuka mitaa mitano akahudhuria mkutano ambako hakuna amjuaye. Mambasa ukiingia kwenye nyumba fulani saa fulani, kabla jua halijazama mama mkwe anajua. Kutotajana majina, ambako AA imekushika tangu mwanzo, kwetu hakuwezi kumaanisha kutojuana. Kunaweza kumaanisha jambo moja tu: yaliyosemwa ndani hayatoki nje. Kwa hiyo wanaoanza wachague mahali ambapo kuingia kwao hakuhitaji maelezo. Chumba cha parokia siku isiyo ya misa, ua wa kituo cha afya, darasa saa za mchana shule ikiwa imefungwa, nyumba ya mjane aliyekubali. Watu wakiuliza, wana kikundi. Mambasa kila mtu ana kikundi.

Ndiyo sababu sikubaliani na wanaosema kwamba mikutano ya namna hii ni desturi ya Wazungu. Likelemba ni nini? Watu wanakutana siku ile ile, saa ile ile, kila mmoja anatoa chake, hakuna anayetoka nje, na neno la mtu ndilo dhamana yake. Vikundi vya AVEC vya kuweka akiba vina sanduku lenye kufuli tatu na funguo katika mikono mitatu, ili asiwepo wa kufungua peke yake. Mashirika ya kanisa, yale ya nyumba kwa nyumba, hukutana kila wiki. Barza ipo tangu zamani: paa, viti, na ruhusa ya mtu kusema mpaka amalize. Aliyekulia katika desturi hizi hahitaji kufundishwa kukutana. Anahitaji kuambiwa kanuni chache ambazo zinautofautisha mkutano huu na mingine.

Hakuna kiingilio, wala ada. AA wana msimamo kwamba sharti la uanachama ni moja tu, kutaka kuacha kunywa. Si kuwa umeshaacha. Hata aliyekunywa asubuhi hii anaketi, mradi hafanyi fujo. Gharama za mkutano, kama ni mafuta ya taa au chai, hulipwa na wenyewe kwa kadiri ya mfuko wa kila mtu, na msaada wa nje haupokelewi. Kanuni hiyo ya mwisho itawashangaza wengi katika jimbo ambalo mashirika ya misaada yana magari kila kona, nami naiunga mkono kwa moyo wote. Siku mkutano ukipata mfadhili, utapata pia orodha ya mahudhurio, picha, fulana na mwenyekiti, na wenye aibu wataondoka kimyakimya. Mfadhili akimaliza mradi, mkutano umekufa.

Historia ina onyo kali zaidi. Mwaka 1840 walevi sita waliokutana katika kilabu kimoja mjini Baltimore waliahidiana kuacha pombe, wakaunda chama cha Washingtonian. Walikuwa na siri ile ile iliyokuja kugunduliwa upya Akron: mlevi anamsikiliza mlevi. Katika miaka michache wakawa umati mkubwa nchini kote. Kisha wakaanza kuandamana, kuvutana juu ya sheria za pombe, kupandisha majukwaani wasemaji maarufu na wanasiasa, kila kundi likitaka jina lao. Kabla muongo haujakwisha chama kilikuwa kimepukutika. AA walilisoma hilo, na kanuni zao kumi na mbili za vikundi, zilizokubaliwa Cleveland mwaka 1950, zinakataza chama kuingia katika ubishi wowote wa nje. Kwa Mambasa maana yake ni nyepesi kutamka na nzito kutekeleza: ndani ya mkutano hakuna mjadala wa nani amevamia kijiji cha nani, wa mwenyeji na mgeni, wa Mubila, Mulese, Mundaka na Munande. Watu waliokimbia bunduki moja wanaweza kuwa wanawahofu wenzao waliokimbia nyingine. Kwenye mkutano wanaongea juu ya pombe.

Kanisa je? Bila kanisa Wilson asingempata Smith, na Mambasa padri, mchungaji au kiongozi wa shirika ndiye ajuaye nyumba zenye kilio. Ombeni kwao chumba na majina. Huko Geneva, mwaka 1877, mchungaji Louis-Lucien Rochat alianzisha Msalaba wa Buluu kwa ajili ya walevi, nao umefika nchi kadhaa za Afrika. Lakini padri au mchungaji asiye mlevi asiongoze mkutano. Akiwa mbele, watu watasema anachotaka kusikia. Na Mwislamu wa Mambasa aliyeshikwa na pombe ana aibu maradufu, kwa kuwa hata kukiri kwamba anakunywa ni kukiri kosa jingine. Lazima aweze kuketi bila kulazimishwa wimbo wa mtu mwingine.

Wanawake wanahitaji siku yao au angalau kona yao. Mwanamume akilewa husemwa. Mwanamke akilewa hutengwa. Kwa hiyo hunywea jikoni, na mwenye kupika pombe huonja kila pipa mpaka kuonja kukawa kunywa. Kuna walioanza baada ya kubakwa vitani ili wapate usingizi, na hadithi ya namna hiyo haisemwi mbele ya kundi la wanaume hata kama ni wema. Mtu wa pili wa mwanamke awe mwanamke. Muuguzi au mama wa kikundi cha akiba anaweza kuwakutanisha wawili bila mwingine kujua.

Na wale wanaoishi na mlevi wasiketi wakimsubiri. Mwaka 1951 Lois, mke wa Bill Wilson, pamoja na wenzake, waliunda Al-Anon, mikutano ya jamaa za walevi. Wake za walevi wa Mambasa wamekwisha kuwa na mkutano wao kisimani, ila hakuna aliyeuita hivyo. Wakitenga saa moja, mbali na ndoo, ya kusema kila mmoja kwa zamu yale yanayotokea usiku, wamekwisha kuanza.

Aliye porini kabisa, penye shimo la dhahabu au kituo cha walinzi wa okapi, ambako mtu wa pili hayupo, ana njia moja ya akiba. AA tangu zamani wana walio peke yao, mabaharia na watu wa vituo vya mbali, wanaofanya mkutano kwa barua. Siku hizi barua ni ujumbe wa sauti. Kila mtandao unapopatikana, awe kilimani au kwenye mti fulani ambao kambi nzima inaujua, anamtumia mwenzake wa Mambasa au Bunia maneno machache: sijanywa, au nimekunywa. Tangu 2020 kuna pia mikutano mingi ya simu ya watu wa nchi mbalimbali, hata kwa Kifaransa, lakini inakula salio na inataka mtandao usiokatika. Ujumbe wa sauti husubiri mtandao urudi.

Basi wawili wamepatana, au watatu. Mkutano wa kwanza uwe mchana, ili kila mtu awe nyumbani kabla ya giza. Usalama wa njia ni sehemu ya kupona. Usiwe siku ya soko. Usizidi saa moja. Mmoja anafungua kwa kusema kwa nini wamekutana na kwamba yatakayosemwa yatabaki hapo. Kisha kila mmoja anasema jina analotaka kuitwa na hali yake tangu walipoonana. Akisema, wengine hawamjibu, hawamshauri, hawamhubirii, hawamkatizi kwa «hata mimi». Hili ndilo gumu kuliko yote kwa watu waliolelewa kwenye barza, ambako mzee ana haki ya kutoa neno la mwisho. Hapa neno la mwisho halipo. Asiyetaka kusema anasema jina lake tu na kumpisha anayefuata. Aliyeanguka anasema ameanguka, na zamu inaendelea. Wanaohesabu siku wanazitaja. Kuongoza kunazunguka, wiki hii huyu, wiki ijayo yule, hata aliyekuja mara ya pili.

Kabla ya kuinuka wajibu maswali manne kwa sauti: tunakutana lini, saa ngapi, nani ana ufunguo wa chumba, na kati ya sasa na siku hiyo, nani atapita nyumbani kwa nani.